Kati ya wangapi?



Mwinjili Luka, katika sura ya 17, anatusimulia habari za wakoma kumi waliomlilia Bwana wetu wakiwa wamesimama mbali. Wote kumi walitakasika wakiwa njiani kwenda kujionyesha kwa makuhani, na mmoja tu, tena Msamaria, akarudi kushukuru. Homilia nyingi juu ya Injili hiyo huhusu shukrani, na ni sawa. Leo naomba tuitazame kwa upande mwingine. Mbele ya Yesu alikuwepo mtu mmoja mwenye furaha, anamsifu Mungu kwa sauti kubwa, na umati ungeridhika kumtazama huyo peke yake. Yesu akauliza habari za wale ambao hawakuwepo. Alijua walioondoka ni kumi, akaona aliyerudi ni mmoja, akataka kujua tisa wamekwenda wapi.

Katika swali hilo moja imo sehemu kubwa ya elimu ya takwimu. Wenye elimu hiyo wana vitabu vinene na kanuni ndefu, lakini ukimwomba mmoja wao akufundishe jambo moja tu la kwenda nalo nyumbani, atakuambia: ukionyeshwa namba, uliza ni kati ya wangapi, kisha uliza ni nani hakuhesabiwa.

Wapo Wakristo wanaoona mambo ya kuhesabu ni ya dunia, wengine hata ni dhambi, wakikumbuka adhabu iliyofuata baada ya mfalme Daudi kuwahesabu watu wake. Lakini Biblia hiyohiyo ina kitabu kizima kinachoitwa Hesabu, na humo Mungu mwenyewe ndiye anayemwamuru Musa ahesabu. Tena angalia mwandishi wake alivyo mwangalifu: anatupa wanaume 603,550, wenye miaka 20 na kuendelea, walioweza kwenda vitani, na anatuambia waziwazi kwamba Walawi hawamo. Mathayo naye, akisimulia ile mikate mitano na samaki wawili, anaandika wanaume wapatao 5,000, kisha anakiri kwamba wanawake na watoto hawakutiwa katika hesabu. Natamani magazeti yetu, na sisi wahubiri pia, tungekuwa waaminifu hivyo kila tunapotaja namba.

Nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni shuhuda za uponyaji. Mtu anapanda jukwaani, anashika kipaza sauti, anasema: nilikuwa na kisukari miaka 12, nimeombewa, nimepona. Makofi na vigelegele. Sina sababu ya kumwita mwongo. Ninachouliza ni hiki: walioombewa kisukari mahali pale mwezi ule walikuwa wangapi? Arobaini? Mia nne? Wangapi walirudi kupima sukari baada ya miezi mitatu, na kipimo kilisema nini? Wale tisa wa Injili walikuwa wazima, walikosa shukrani tu. Wale tisa wa siku hizi, wasioonekana jukwaani, mara nyingi si wazima. Aliyezidiwa yuko kitandani. Aliyefariki hapewi kipaza sauti. Wahenga walisema msema pweke hushinda, na jukwaa la ushuhuda ni mahali ambapo upande mmoja tu ndio unaosema.

Sisi tuliopita seminari tulisukumwa kwenye Kilatini tukitaka tusitake, na moja ya faida zake ni kukutana na Cicero. Katika kitabu chake juu ya asili ya miungu anasimulia habari za Diagoras, Mgiriki aliyejulikana kwa kutoamini miungu. Diagoras alipofika kisiwa cha Samothrace, rafiki yake alimwonyesha picha nyingi zilizotundikwa kwa ajili ya watu walioweka nadhiri wakati wa dhoruba wakafika bandarini salama. Je, bado unadhani miungu haiwajali wanadamu? Diagoras akajibu kwamba waliozama baharini hawakuchorwa popote. Alikuwa mtu asiye na dini, lakini swali lake ni la haki na Mkristo asilikimbie. Imani inayotutaka tusiwatazame waliozama siyo ile tuliyopokea kwa Mitume.

Nchi yetu ilipitia jambo hili mwaka 2011. Wengi mnakumbuka foleni ya magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kilutheri, marehemu Ambilikile Masapila, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Walikwenda matajiri na maskini, wakubwa wa serikali na wakulima, Wakristo na Waislamu, na wengine walitoka nje ya mipaka yetu. Mzee yule simhukumu. Najiuliza tu sisi tuliopanda magari tulijua nini. Tuliwasikia waliosema wamepona. Wapo waliofia kwenye foleni, na viongozi wa afya ilibidi wawasihi wenye virusi vya UKIMWI wasiache dawa zao. Daftari la kuonyesha ni wangapi wamekunywa, kwa ugonjwa gani, na baada ya mwaka mmoja wako katika hali gani, hatukuwa nalo wakati tunapakia mizigo.

Kuna jambo jingine hapa ambalo watu hulisahau. Magonjwa mengi hupanda na kushuka: maumivu ya mgongo, pumu, vidonda vya tumbo, hata huzuni ya moyo. Nasi hatutafuti msaada siku tukiwa na nafuu. Tunautafuta siku tumezidiwa kabisa. Sasa, baada ya siku iliyo mbaya kupita zote, siku zinazofuata mara nyingi huwa afadhali, hata kama mtu angekaa tu nyumbani kwake. Kwa hiyo chochote ulichofanya siku ile mbaya, kikombe, mafuta, maji, au vidonge vya duka la dawa, ndicho kitakachopata sifa. Ndiyo maana watafiti wa dawa huwagawa wagonjwa makundi mawili na kundi moja halipewi dawa ile mpya, wapate kuona wale wengine wangefikia wapi bila hiyo.

Msidhani Kanisa halijui haya. Kule Lourdes, Ufaransa, mahali Mama Bikira Maria alipomtokea Bernadette mwaka 1858, tangu mwaka 1883 kuna ofisi ya madaktari wanaopokea na kuchunguza kila anayesema amepona. Wanataka vyeti vya ugonjwa kabla, vyeti baada, na muda wa kutosha upite ili waone kama ugonjwa umerudi. Taarifa walizopokea zimezidi 7,000. Ambazo Kanisa limezitangaza kuwa miujiza zimezidi 70 kwa kidogo sana. Mtu mwingine angeona aibu kutoa namba ndogo hivyo. Mimi najivunia. Hizo 70 naweza kumsimulia daktari yeyote bila kuinamisha kichwa.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu katika parokia moja niliyowahi kuhudumu nilimzika mama aliyekuwa akimeza vidonge vya presha kila asubuhi. Alisikia shuhuda tatu, akaviacha. Kwa wiki kadhaa alijisikia vizuri kabisa, maana kwa watu wengi presha haiumi, na katika wiki hizo yeye mwenyewe alitoa ushuhuda. Kisha kiharusi kikamkuta shambani. Nijuavyo mimi, ushuhuda wake haukufutwa popote. Waliousikia usiku ule bado wanamhesabu miongoni mwa waliopona.

Vijana wangu wa kubeti nao wasinikimbie, maana jukwaa lao ni lilelile. Matangazo yanatuonyesha aliyeshinda milioni, jina, picha na hundi kubwa ya karatasi ngumu. Waliopoteza wiki ileile hawana bango. Lakini chukua hesabu hii, hata kama wewe ni fundi wa mpira. Tuseme katika kila mechi unayochagua una nafasi ya kupatia mara 7 kati ya 10, ambayo ni nafasi nzuri. Ukiweka mkeka wa mechi 10, nafasi ya kupatia zote kwa pamoja haifiki mara 3 kati ya 100. Zidisha mwenyewe kwenye simu: 0.7 mara 0.7, hadi zitimie kumi. Kijana huona mechi moja moja, kila moja anaiamini. Anayetengeneza mkeka anaona zote kumi.

Mpaka hapa nimesema juu ya namba zinazotupa tumaini la bure. Zipo pia zinazotupa hofu ya bure, na hizi nazo huua.

Chukulia kipimo cha ugonjwa fulani usio wa kawaida. Tuseme kati ya watu 1,000 wanaojiona wazima, walio nao ni 10. Kipimo ni kizuri: katika wagonjwa 10 kinawakamata 9. Lakini kama vipimo vyote kina kasoro. Katika kila watu 100 wazima, 5 kinawaambia ni wagonjwa. Wapime wote 1,000. Wagonjwa 9 watapata majibu ya kuwa wanao. Wazima ni 990, na 5 katika kila 100 ni kama watu 50. Nao watapata majibu yaleyale. Mlangoni pa daktari watasimama watu 59 wenye karatasi inayofanana, wote wanalia, na wanaoumwa kweli ni 9. Ukiwa mmoja wa hao 59, uwezekano kwamba unaumwa haufiki hata mmoja kati ya sita.

Someni tena polepole kama haikuingia, na mkiweza chukueni mahindi mhesabu mezani na watoto. Watu wengi, na wamo waliosoma sana, wakisikia kipimo kinakamata 9 kati ya 10 hudhani mwenye karatasi anaumwa kwa asilimia 90. Wanasahau kuuliza wazima walikuwa wangapi. Sisemi majibu ya hospitali yapuuzwe. Mwenye dalili, au mwenye sababu ya pekee ya kushuku, hesabu yake ni nyingine, na vipimo vingi tunavyotumia, vya virusi vya UKIMWI vikiwemo, ni bora kuliko huu mfano wangu. Ninachosema ni kwamba karatasi ya kwanza mara nyingi ni wito wa kwenda kwenye kipimo cha pili. Hata cha virusi vya UKIMWI, kwa utaratibu wa nchi yetu mtu haambiwi kuwa anavyo kwa kipimo kimoja tu. Hurudiwa kwa kipimo cha aina nyingine. Nawaambia hasa wachumba wanaokwenda kupima kabla ya ndoa, na zaidi wazazi wao. Kabla ya kurudisha mahari na kuvunja nyumba ambayo haijajengwa, ngojeni utaratibu wote umalizike.

Hofu ya bure iliwahi kuikumba nchi nzima huko Uingereza. Mwezi Oktoba mwaka 1995 kamati ya usalama wa dawa ilitangaza kwamba aina fulani za vidonge vya kuzuia mimba zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda mwilini. Vyombo vya habari vikaipokea, wanawake wengi wakaviacha ghafla. Maradufu ni neno zito. Lakini maradufu ya nini? Kwa vidonge vya zamani aliyepatwa na tatizo hilo alikuwa kama mwanamke 1 kati ya 7,000. Kwa vile vipya walikuwa 2 kati ya 7,000. Ongezeko ni asilimia 100, na ni mtu mmoja katika elfu saba. Kauli zote mbili ni za kweli. Wasomaji wangu mnajua Kanisa linafundisha nini juu ya vidonge hivyo, na leo sizungumzii hilo. Nawaombeni muone kilichofuata. Wataalamu walikadiria kwamba katika mwaka uliofuata, Uingereza na Wales zilikuwa na utoaji mimba 13,000 zaidi ya ilivyotazamiwa. Tena ujauzito wenyewe humwongezea mwanamke hatari ya damu kuganda kuliko vile vidonge. Namba haikuwa ya uongo. Ilitolewa nusu, na katika nusu iliyobaki walipotea watoto wengi.

Turudi nyumbani, kwenye jumuiya zetu ndogo ndogo, maana huko nako tunaumizana kwa namba. Jumuiya ina kaya kumi na inachangia ujenzi wa kigango. Kaya tisa zimetoa shilingi 5,000 kila moja. Ya kumi, ya mfanyabiashara, imetoa 455,000. Jumla ni 500,000, na mwenyekiti anasimama na kutangaza kwamba wastani wa kila kaya ni shilingi 50,000. Hakudanganya. Lakini hakuna kaya hata moja iliyotoa 50,000 wala inayokaribia, na wale tisa wanarudi nyumbani wakijiona wamezembea. Wastani ukiwa na tajiri mmoja ndani yake hausemi chochote juu ya majirani zake. Mwenyekiti angesema kaya nyingi zimetoa 5,000, kila mtu angeelewa jumuiya ikoje.

Kisha huja ile orodha inayosomwa baada ya Misa, kuanzia kiasi kikubwa kushuka. Mtu mwenye kipato cha shilingi 2,000,000 kwa mwezi ametoa 50,000, anapigiwa makofi. Mama muuza mchicha anayepata 40,000 ametoa 2,000, na jina lake linasomwa watu wakiwa wameanza kutafuta viatu vya watoto chini ya mabenchi. Lakini 50,000 katika milioni mbili ni asilimia 2 na nusu, na 2,000 katika 40,000 ni asilimia 5. Mama yule ametoa mara mbili. Bwana wetu aliketi kuelekea sanduku la sadaka, akamwona mjane na sarafu zake mbili, na hesabu aliyoifanya pale ndiyo hii. Hakuangalia kilichoingia sandukuni tu, aliangalia na kilichobaki mfukoni. Sijui kwa nini orodha zetu hatuzipangi hivyo. Au labda najua.

Wapo watakaosema padri ametuletea hesabu Dominika hii mahali pa Habari Njema, na kwamba kwa Mungu mtu si namba. Kweli, si namba. Lakini tazameni yule mchungaji wa Luka 15. Alikuwa na kondoo 99 nyikani kati ya 100. Asilimia 99, matokeo ambayo shule yoyote ingeyatangaza kwa bango barabarani. Aliyaacha akamfuata mmoja. Alijuaje kwamba mmoja hayupo? Alihesabu jioni ile, na alijua walikuwa wangapi asubuhi.

Basi wiki hii, mkienda kliniki, msiogope kumuuliza daktari au muuguzi kwa heshima: kati ya watu mia wenye hali kama yangu wanaotumia dawa hii, wangapi hupata nafuu, na wasioitumia ni wangapi? Daktari mwema hatakasirika. Na akikuambia kwamba watano katika mia huwa hawaponi, hajui kama wewe umo katika wale watano au katika wale 95, wala mimi padri wako sijui. Hapo njoo tuombe, njoo upokee Mpako wa Wagonjwa. Ila vidonge vyako uje navyo mfukoni, na chupa ya maji, kwa sababu ibada zetu huwa hazimaliziki kwa wakati na saa ya kumeza inaweza kufika kabla ya baraka.